Acheni kuleta mabehewa mepesi kwenye reli ya pamoja!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka kuokota sakafuni mabehewa ya watu ya treni zetu ndogo za mfano. Kila tukikutana hapa Kampala kuunganisha meza zetu zenye reli, treni ndefu ikifika kwenye kona inalala ubavu, halafu lawama zinamwendea aliyetandika reli. Reli ni nzima! Wabovu ni mabehewa yenu. Rangi safi, herufi za EAR, Reli ya Afrika Mashariki, zimenyooka, hata kutu mmeichora, lakini ukilishika behewa ni jepesi kama ganda la karanga.

Uzani wala si siri. Chama cha NMRA cha Marekani cha wapenda treni za mfano kina kanuni yake kwa skeli ya HO, yaani treni iliyopunguzwa mara 87: aunsi 1 ya kuanzia, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 15 linatakiwa kuwa na gramu 112 hivi. La mwenzetu mmoja nililipima, halikufika hata nusu. Na ndilo alilolipanga nyuma ya kichwa cha treni, mzigo wote mzito ukafuata! Kwenye kona kichwa kinavuta huku, mzigo unavuta kule, jepesi la katikati linavutwa upande wa ndani mpaka linaanguka. Ukirudi kinyumenyume ndiyo kabisa, linaruka.

Msiniambie vya kuongezea uzani havipatikani. Nendeni kwa mafundi wa tairi, muombe zile risasi za kubalansi magurudumu wanazozibandua. Zibandikeni chini kabisa ya behewa, sawasawa kushoto na kulia. Mkimaliza naweni mikono, madini ya risasi ni sumu.

Kulabu za kuunganishia mabehewa sasa. Hapa ndipo damu inanichemka. Huyu ana Kadee, kulabu za Kimarekani, yule ana kulabu pana za Kiingereza, mwingine kaja na vitanzi vya Ulaya. Ssebo, vitashikanaje? Kuna na muuzaji mmoja wa mtandaoni anayeapa kwamba kulabu zake zinaungana na zote. Haziungani! Pesa yangu kala, ujumbe hajibu.

Tulikubaliana Kadee, basi iwe Kadee, na katikati ya kulabu iwe milimita 9.9 juu ya reli. Si kwa kukadiria kwa jicho, kipimo kipo. Behewa likiwa chini, ongeza washa (kile kipete bapa cha skrubu) nyembamba kati ya bogi, yaani kile kigari cha magurudumu, na sakafu ya behewa. Ule waya uliopinda chini ya kulabu uachieni nafasi ya karibu milimita 1 juu ya reli, la sivyo unakwama kwenye njia panda za reli. Na tafadhali, supaglu ikae mbali na kisanduku cha kulabu. Ikiingia humo kulabu haichezi tena, na behewa linasukumwa nje ya reli kwenye kona ya kwanza. Mafuta nayo hapana, yanakusanya vumbi. Unga kidogo wa grafaiti unatosha.

Skrubu za bogi pia mnazikaza zote kama mnafunga mlango wa duka. Bogi moja izunguke tu bila kuyumba, ya pili ilegezwe iyumbe kidogo, ndipo magurudumu yote yanagusa reli.

Kuna wanaonibishia kwamba reli ya treni yetu halisi ina upana wa mita 1, kwa hiyo vipimo hivi havituhusu. Najua. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ni ya mita 1, na kwa HO hiyo inaigwa kwa reli ya milimita 12. Hii yetu ya milimita 16.5 inaiga upana wa SGR. Haya, lakini mliichagua wenyewe kwa sababu magurudumu yake hayasumbui kupata, kwa hiyo fuateni vipimo vyake.

Mkutano ujao mizani itakaa mlangoni. Behewa lisilofika uzani halipandi mezani, hata liwe la mwenyekiti. Na aliyeazima kipimo changu cha kulabu akirudishe, namjua.