Wali au tui: kipi kitoke kwenye sahani?

Mwanzisha mada, Ngamiani, Tanga

Habari zenu nyote. Kikundi chetu cha mazoezi, wale tunaokimbia asubuhi hadi Raskazone (wengine tunajikongoja), kimegawanyika pande mbili kuhusu namna ya kupunguza uzito. Wa kwanza wanasema adui ni wanga: acha wali, ugali, chapati na muhogo, kula samaki, mayai na mboga, mafuta usiyaogope. Wa pili wanasema kula chochote, ila pima, kalori zinazoingia ziwe chache kuliko unazotumia. Wanachama wapya wanataka ushauri mmoja, nasi kila mtu anawaambia lake.

Ugomvi wote uko kwenye sahani moja: wali na mchuzi wa samaki wa nazi. Mtu wa keto, yaani aliyeacha wanga, anasukuma wali pembeni, anakunywa mchuzi mpaka tone la mwisho. Mtu wa kalori anakula wali wake kidogo, mchuzi anauogopa, kwa sababu gramu moja ya wanga ina kalori 4 na ya mafuta ina 9. Kikombe cha tui zito kinapita kalori 400. Cha wali uliopikwa kwa maji kiko kwenye 200 hivi. Kila mmoja anamwona mwenzake anajimaliza.

Mimi nipo na wanaopima. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilifuatilia watu wazima 609 kwa mwaka mzima, kundi moja likipunguza wanga, jingine mafuta. Matokeo yalitoka 2018: wa wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kilo 5.3, na watafiti wenyewe wakasema hiyo si tofauti ya kuhesabika. Wakaangalia pia vinasaba na insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), labda vingeonyesha nani afuate njia ipi. Havikuonyesha kitu. Sasa kama mizani haitofautiani, kwa nini nimtume mtu wa kipato cha kawaida kwenye njia ya gharama? Wanga ndio chakula cha bei ya chini sokoni. Ukiutoa, pengo unalijaza kwa samaki na mayai, kwa bei hizi za leo!

Aliyeacha wanga, Makorora

Kaka, shahidi uliyemleta ni wangu. Kwenye utafiti huo hakuna kundi lililopangiwa kiwango cha kalori. Waliambiwa wale mboga kwa wingi, waache sukari na unga mweupe, wapike nyumbani. Wakapungua. Wapimaji wako wapi hapo?

Halafu nieleze, kalori zinapimwaje kwenye sinia? Kwangu tunakula mimi, mume, watoto watatu na mama mkwe. Mikono sita, sinia moja. Nikianza kuhesabu tonge mama mkwe atajua nimerogwa. Lakini kanuni ya “wali siugusi” naiweza: nakaa upande wa samaki na kachumbari, yamekwisha. Hata mtu akiwa na njaa anaikumbuka.

Na njaa ndiyo kesi yenyewe. Nilipokuwa napima nilikuwa nalala nikiwaza chapati. Siku hizi mayai mawili na mchicha asubuhi vinanifikisha adhuhuri bila kutafuta kitumbua.

Mwanzisha mada

Dada yangu, hawakupangiwa, lakini walipoulizwa wanachokula, makundi yote mawili yalikuwa yameshapunguza kalori kama 500 kwa siku. Wanga ukiutoa bila kalori kushuka, mafuta ya mwili hayaendi popote.

Na ile furaha ya wiki ya kwanza nyingi ni maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ghala likiisha, maji yanatoka, mizani inashuka. Ikija harusi ukala pilau, yanarudi, na mtu analia kwamba pilau la siku moja limemnenepesha.

Mama lishe, karibu na stendi

Wanangu, mnasoma sana, lakini wateja nawaona mimi. Mmoja anakuja, “Mama, wanga nimeacha, nipe maharage na soda.” Mwingine anakula nusu chapati kwa kujibana, kisha chai anaitia sukari vijiko vinne. Na hizo chapati nisiwafiche, mafuta namimina kutoka kwenye dumu, kijiko sina.

Wa mchuzi bila wali ndio wananitia hasara. Samaki ndiye ghali, faida yangu iko kwenye wali. Wakizidi nitapandisha bei.

Muuguzi, kliniki ya kisukari

Naomba mnisikilize kidogo, maana mnawatolea ushauri watu msiojua wanatumia dawa gani. Kinachonitisha si kilo. Mtu anachoma insulini au anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, anasikia kwa jirani habari za kuacha wanga, kesho yake hali wali wala ugali, na dozi ni ileile. Sukari inashuka: jasho, kutetemeka, maneno yanaanza kumpotea, akichelewa kusaidiwa anazimia. Huyo amwone daktari kabla ya kugusa sahani yake, ili dozi ipangwe upya.

Na kwa wapimaji pia. Uingereza kulikuwa na utafiti wa DiRECT, matokeo ya kwanza 2017. Wenye kisukari aina ya 2 waliishi kwa vinywaji maalumu, kalori kama 850 kwa siku, miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, 46 kati ya kila 100 walikuwa wametoka kwenye kisukari bila dawa. Lakini dawa zao za sukari na presha zilisimamishwa tangu siku ya kwanza, na walikuwa chini ya uangalizi. Msijaribu nyumbani kwa uji mwembamba.

Mwanzisha mada

Ahsante sana nesi. Na vinywaji hivyo, zaidi ya nusu ya kalori zake zilikuwa wanga. Dada wa Makorora, hilo unalijibuje?

Aliyeacha wanga, Makorora

Najibu kwamba walikuwa na wauguzi, mimi nina mama mkwe.

Mzee wa baiskeli, Chumbageni

Muhogo tumeula tangu tunazaliwa. Vitambi vimekuja na bodaboda.

Aliyeacha wanga, Makorora

Shikamoo mzee. Bodaboda ndiyo inakuletea chipsi mayai saa nne usiku?

Mwanzisha mada

Narudi kwenye ushauri. Napendekeza: wali upawa mmoja, mchuzi wa tui jepesi, mboga ijaze nusu ya sahani. Mafuta yapimwe kwa kijiko cha mezani, maana kimoja tu kina kalori 120 hivi. Anayetaka kuacha wanga kabisa asizuiwe, ila lile la nesi kuhusu dozi liandikwe juu kabisa.

Aliyeacha wanga, Makorora

La nesi nakubali. Upawa mmoja sikubali, kila nyumba ina upawa wake, wa kwetu unatosha kuogea. Andikeni kwanza soda, sukari ya chai na maandazi vitoke, hapo pande zote mbili hatubishani. Wali tupige kura Jumamosi.

Mama lishe

Na maandazi? Jumamosi naja na mimi kupiga kura.