Nimepewa kozi ya data kwa wanafunzi wanaokimbia hesabu. Nianzie wapi?

Chaki_Nyeupe

Habari za jioni wanajukwaa.

Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Semista ijayo nimekabidhiwa kozi mpya ya wanafunzi wa mwaka wa pili, fani ya Maendeleo ya Jamii. Jina lake kwenye mtaala ni refu, ila kwa kifupi wanataka mwanafunzi atoke akijua kusoma data, kuzihoji na kuzitumia, kazini na maishani. Darasa lina watu kama 180. Tuna saa mbili za mhadhara kwa wiki na saa moja ya semina. Maabara ina kompyuta 40, umeme ukikatika hatuna hata moja.

Kozi iliyokuwepo kabla ya hii ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye SPSS, ile programu ya takwimu: bofya hapa, bofya pale, toa jedwali. Matokeo yake mnayajua. Mwaka wa tatu ukifika, mwanafunzi anakusanya madodoso yake vizuri tu, halafu anampelekea jamaa wa steshenari amwandikie sura ya nne, ile ya matokeo. Siku ya kutetea utafiti, muulize ile p ya 0.03 kwenye majedwali yake inasema nini. Anaangalia dari.

Isitoshe, wengi walichagua fani hii wakikimbia namba. Ukichora alama ya sigma, ile ya kujumlisha, ubaoni unaona nyuso zinavyobadilika.

Naombeni ushauri. Nibaki na SPSS kwa sababu waajiri wanaiulizia, au niiweke kando kwanza? Na hili neno "maishani" nalifundishaje bila darasa kugeuka semina ya ujasiriamali?

Nawasilisha.

Jicho_Kavu

Mkuu, steshenari imepitwa na wakati. Siku hizi wanaiuliza akili mnemba (AI), sura ya nne inatoka kabla chai haijapoa. Hapo ndipo utakapoipenda SPSS.

Mfuatiliaji_Dom

Nafanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini kwenye shirika moja hapa Dodoma, na kila mwaka tunapokea vijana wa fildi. SPSS hapa ofisini haifunguliwi. Data zinakusanywa kwa simu kwenye KoboToolbox, zinashushwa kwenye Excel, ripoti inaandikwa. Basi. Kijana anayejua Excel vizuri na anayeuliza maswali namgombania na idara nyingine.

Wanachokosa si programu. Wanakosa kulitilia shaka jedwali kabla ya kulijumlisha. Tulikuwa na data za kliniki, muda ambao mama anasubiri huduma. Mdodosaji mmoja anaandika saa kwa Kiswahili, mwenzake anafuata saa ya simu. Mama kaingia 2:00, katoka 10:00. Kijana akaleta ripoti kwamba mama huyo alisubiri saa nane. Aliingia saa mbili asubuhi, akatoka saa nne. Kwa data zile, saa sita zilizozidi zilikuwa ni za mwandishi.

Mavuno ndiyo kabisa. Mkulima anakwambia alipata gunia kumi. Gunia la kilo mia au lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo? Mwenzake anahesabu kwa debe, wa tatu kwa ndoo ya lita ishirini, na safu ni moja tu imeandikwa "kiasi". Hapo hata umpe programu ya mamilioni, wastani utakaotoka ni uongo wenye desimali mbili.

Ushauri wangu: wape faili chafu. Vitabu vinaleta data zilizokwishaoshwa, kwa hiyo mwanafunzi anadhani ndivyo zinavyozaliwa. Na wakidhani uchafu ni wa huku kwetu tu, waambie kuhusu Uingereza mwaka 2020. Wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu faili zilihifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa Excel, usiopokea zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilidondoka na waliokuwa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Mwaka huohuo wanasayansi wa jeni waliamua kubadilisha majina ya baadhi ya jeni, kwa vile Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. SEPT1 inakuwa Septemba mosi, hujaulizwa.

Bi_Mkopo

Mwalimu, mimi nimekaa dirisha la mikopo miaka mingi, kwa hiyo nitajibu hilo la maishani.

Anza na riba. Usiwape kanuni, wape karatasi mbili. Karatasi ya kwanza: mkopo wa shilingi 600,000, miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, inapigwa juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho. Riba kwa mwaka ni 252,000, rejesho la mwezi 71,000. Karatasi ya pili: kiasi kilekile, miezi ileile, asilimia 3.5 ileile, ila riba inapigwa kwenye salio lililobaki tu. Rejesho linashuka mpaka kama 62,090, na riba ya mwaka mzima inakuwa kama 145,000. Tofauti ni zaidi ya laki moja, na kwenye bango la mtaani mikopo yote miwili imeandikwa "asilimia 3.5 tu!". Walimu, manesi, maaskari, nimewaona wakisaini bila kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Tena ni watu ambao bodi ya mikopo ya elimu ya juu imeshachukua asilimia 15 ya mshahara wao wa msingi.

Kisha nenda kwenye mikopo ya simu, maana huko ndiko wanafunzi wako walipo bumu, hela yao ya kujikimu, likichelewa. Umeomba laki moja, wanakata ada mbele, inaingia 75,000, baada ya wiki mbili urudishe laki. Waulize hiyo ni riba ya ngapi. Wengi watasema asilimia 25. Sivyo, ulichoshika mkononi ni 75,000, kwa hiyo ni asilimia 33 na ushee, kwa wiki mbili. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Waambie kwanza watafute jina la mkopeshaji kwenye orodha za Benki Kuu, baada ya hapo ndiyo wafungue kikokotoo.

Halafu waulize programu hiyo iliomba ruhusa gani ilipokuwa inaingia kwenye simu. Kitabu cha namba? Picha? Ukichelewa kulipa, shangazi yako Singida anatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Hizo nazo ni data, na ni za shangazi ambaye hakukopa.

Mwakatatu_Bado

Bi Mkopo umenigusa, naomba niishie hapo 😂

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi, si chuo chako. Sisi wiki ya kwanza tulipewa aina nne za vipimo na fasili kumi na mbili za neno "takwimu". Tukakariri, tukafanya jaribio, tukasahau. Usianze hivyo tafadhali.

Wavulana wa hosteli utawakamata kwa mkeka wa kubeti. Mtu anaweka mechi kumi, kila timu anasema "hii haifungwi". Tuseme kweli kila moja ina nafasi ya asilimia 80. Zidisha 0.8 mara kumi, unapata kama asilimia 10.7. Yaani hata kwa mtu anayejua mpira kweli, mikeka tisa kati ya kumi inachanika. Nilimwonesha mwenzangu wa chumba akanyamaza siku nzima. Bado anabeti, lakini sasa anaweka mechi tatu.

Msomi_wa_Eldoret

Hujambo mwalimu. Kwetu Kenya kuna mfano mmoja ambao darasa langu hujadili kwa moto sana. Mwaka 2023 watu walipiga foleni Nairobi, pale KICC, wakapigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin, nao wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Mapema Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Wengi waliokuwa kwenye foleni ni vijana.

Mimi siwaulizi kama walikosea, maana njaa ni njaa. Nawauliza: nani anayo data yako sasa, anaiweka wapi, unaweza kuibadilisha? Nywila ukiibiwa unaweka nyingine. Jicho je? Huwa hakuna anayesinzia.

Mzee_Sampuli

Nimewasoma wote. Nakubaliana na mengi, ila msiwaonee huruma kupita kiasi hao wanaokimbia hesabu. Riba na mikeka ni mlango mzuri, lakini mtu akiishia mlangoni hajaingia ndani. Kijana atakayekwenda kuandika ripoti ya kata nzima lazima ajue sampuli ni nini, na kwa nini watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanaweza kusema ukweli kuliko 4,000 waliojaza fomu ya kwenye kundi la WhatsApp.

Tumia sensa ya Tanzania. Ni yetu, matokeo yanapatikana bure kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Waambie watafute ongezeko: asilimia 37.4. Waambie wagawe kwa miaka kumi: 3.7 kwa mwaka. Sasa wafungulie ripoti yenyewe, imeandikwa 3.2. Nyamaza. Waache wabishane nani kakosea, wao au ofisi.

Hakuna aliyekosea hesabu ya kugawanya. Watu wanazaliana juu ya watu waliokwishaongezeka, kwa hiyo 3.2 inayojirudia mara kumi inakufikisha palepale kwenye 37. Ni uleule mchezo wa Bi Mkopo, asilimia ya nini, inapigwa juu ya nini. Ukifundisha hayo mawili kwa wiki zinazofuatana hutahitaji kuandika sigma mpaka wao wenyewe waiombe.

Na wakikuuliza wao ni nani hata wazihoji namba za wakubwa, wape habari ya Thomas Herndon. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Reinhart na Rogoff, walitoa makala kwamba nchi zenye deni kubwa, zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wao kwa wastani unasinyaa kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wakaishika kama msahafu. Herndon, mwanafunzi tu wa chuo kikuu cha Massachusetts Amherst, akapewa zoezi la kurudia hesabu za makala yoyote. Hakuyapata majibu yao. Alipotumiwa faili lenyewe la Excel akakuta wastani umeruka nchi tano, na miaka mingine imeachwa, na uzito wa kila nchi kwenye wastani umepangwa kiajabu. Yeye na walimu wake walipopiga upya mwaka 2013 ilitoka asilimia 2.2, tena ya kukua. Lilikuwa zoezi la darasani, mkuu.

Jicho_Kavu

Mzee umemaliza. Naondoa utani wangu. Ila swali la akili mnemba hamjalijibu.

Chaki_Nyeupe

Wakuu, ahsanteni sana. Naona wiki ya kwanza ni karatasi mbili za Bi Mkopo, na mkeka utaingia kwenye semina. Sensa ya Mzee Sampuli itafuata mara moja. SPSS naisogeza wiki za mwisho, na Excel ya kwenye simu itatutosha kwa sehemu kubwa, maana simu karibu kila mmoja anayo.

Jicho Kavu, nitawaruhusu waiulize akili mnemba waziwazi. Nitawapa faili chafu, waipe hiyo akili, kisha mtihani uwe ni kuonesha kwa mkono wapi imekubali saa nane za kusubiri bila kushtuka.

Tatizo sasa ni faili lenyewe. Mfuatiliaji, kuna uwezekano wa kupata lile la mavuno?

Mfuatiliaji_Dom

Bosi amekubali kwa mdomo, nasubiri aandike. Ila haliji jinsi lilivyo. Majina, namba za simu na vijiji naondoa vyote, sheria ya taarifa binafsi inatubana, na hata isingetubana wakulima hawakutupa ili wakajadiliwe darasani. Umri nitaupanga kwa makundi.

Lumbesa nimeziacha kama zilivyo. Kuna safu ya mwisho inaitwa "maelezo ya mdodosaji", hiyo nitakutumia kwenye faili la peke yake. Usiwape kabla hawajaleta wastani wao.