Ajali za puto za watalii: chanzo hasa ni nini?

Swali: Wakuu, puto la hewa moto halina injini wala usukani. Ajali zikitokea, kinachoua ni nini hasa? Kitambaa kuchanika?

Jibu 1: Kitambaa si tatizo kubwa, mkuu. Adui namba moja ni nyaya za umeme. Carterton, New Zealand, Januari 2012, rubani alijaribu kupanda ili azivuke nyaya za kilovolti 33. Puto likanasa, likashika moto, wote 11 wakafa. Puto huchelewa kuitikia: unafungulia moto sasa, linaanza kupanda sekunde kadhaa baadaye. Ukiona huwezi kuzikwepa, shuka. Vuta kamba ya valvu ya juu hewa itoke haraka, funga gesi kwenye mitungi. Afadhali nyaya ziguse kitambaa kuliko kikapu chenye watu na gesi.

Jibu 2: Na gesi yenyewe. Luxor, Misri, 26 Februari 2013: wakati wa kutua, kamba ilichana mpira wa gesi, moto ukalipuka. Rubani na abiria mmoja wakaruka. Uzito ukapungua, puto likapaa na waliobaki, kisha likaanguka. Walikufa 19. Kwa hiyo abiria, hata kikapu kikigusa ardhi, usishuke mpaka rubani aseme.

Jibu 3: Ongeza ukungu. Lockhart, Texas, 2016, mawingu yalikuwa chini, puto likagonga nyaya, wakafa 16. Serengeti na Masai Mara huruka alfajiri kwa sababu upepo umetulia, jua halijapasha ardhi. Rubani akiahirisha safari, msimlazimishe.