Masoko ya utabiri mtandaoni: naweza kuwakusanyia watu pesa?

MkaaTudor
Wadau, watu tisa kwenye grupu letu wanataka nipokee pesa zao kwa M-Pesa, ninunue USDC (sarafu ya kidijitali yenye thamani ya dola), niingie Polymarket, soko la mtandaoni la kubashiri matukio, kwa akaunti moja, nami nikate asilimia 5 ya faida. Si mpira, ni chaguzi na uchumi. Yahitaji leseni?

Wakili_Ganjoni
Ndugu, tatizo ni huko kukusanya. Ukipokea pesa za wengine na kukata fungu lako, waendesha biashara. Sheria ya kamari ya Kenya ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, yataka leseni kwa mwendeshaji, na "si mpira" haitakuokoa. Ukiuita uwekezaji, CMA, wasimamizi wa masoko ya mitaji, watakuuliza kibali. Kuwanunulia watu sarafu za kidijitali nako kuna sheria yake, ya 2025 pia.

Usijifiche nyuma ya Marekani. Huko kwenyewe wanavutana: CFTC, tume yao inayosimamia masoko ya mikataba ya aina hii, iliitoza Polymarket dola milioni 1.4 Januari 2022 kwa kuendesha soko bila usajili. Kalshi, soko jingine la utabiri, ikashinda kesi ya mikataba ya uchaguzi 2024. Kisha Nevada na New Jersey zikaiandama kuhusu michezo. Kibali cha kule hakifiki Kilindini.

Bandari_Kuu
Nami naongeza upande wa pesa. Hisa ya "Ndiyo" kwa senti 62 hulipa dola 1 ikitimia, sifuri isipotimia. Soko likiwa na wanunuzi wachache, waweza kununua kwa 62 na kukuta anayetaka kununua anatoa 55, basi weka oda ya bei unayotaka wewe. Ukituma USDC kwenye mtandao usio sahihi, kuirudisha ni kazi, au haiwezekani.

Soma kanuni za kuamua matokeo ya soko kabla ya bei. 2025 kulikuwa na soko la kama Zelensky atavaa suti. Vyombo vya habari viliandika kavaa. Waliopiga kura kwa tokeni za UMA, mfumo unaoamua matokeo ya Polymarket pakizuka ubishi, wakaamua "Hapana". Watu tisa wakikudai siku hiyo, utawajibu nini?

MkaaTudor
Na kila mtu akifungua akaunti yake, mimi niwafundishe tu?

Wakili_Ganjoni
Hapo mzigo wapungua sana. Usishike nywila zao, usipokee M-Pesa yao, wala usiwaonyeshe VPN (programu ya kuficha ulipo) ya kukwepa masharti ya nchi: akaunti ikifungiwa salio likiwa ndani, huna ofisi ya kuwapeleka.