Naomba ushauri: kupanga madokezo ya Julius Caesar kwenye riwaya na filamu

Wakuu, naomba ushauri. Naandaa jedwali la kazi zinazodokeza tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare: jina, mwaka, onyesho, maneno yaliyoazimwa.

Rahisi ni pale maneno yenyewe yapo. Katika tendo la 1, onyesho la 2, Cassius anamwambia Brutus kosa haliko kwenye nyota zao, liko kwao wenyewe. John Green akaligeuza kwenye jina la The Fault in Our Stars (2012): kosa likarudi kwa nyota. Maneno "mbwa wa vita" ya Antony (tendo la 3, onyesho la 1) nayo yako kwenye jina la riwaya The Dogs of War ya Frederick Forsyth (1974).

Kinachonikwamisha ni Machi 15 (kwa Kiingereza the Ides of March), siku aliyouawa Kaizari. Onyo la mtabiri kwa Kaizari ajihadhari na siku hiyo lipo tayari kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, karne nyingi kabla ya Shakespeare. Kwa hiyo The Ides of March, iwe riwaya ya Thornton Wilder (1948) au filamu ya George Clooney (2011), haithibitishi kitu kwa jina pekee. Niziweke safu ya historia, au nidai kwanza ushahidi wa pili kutoka ndani ya kazi?

Na kwa wasomaji wa Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia hiyo: namba za mistari hutofautiana toleo kwa toleo. Tendo na onyesho vinatosha, au niweke maneno ya Mwalimu kando?