Je, kampaundi mbili za ioni zikichanganywa kwenye maji hubadilishana kila mara?

Muulizaji: Habari zenu. Tumefundishwa kwamba kampaundi mbili za ioni (yaani zilizoundwa na chembe zenye chaji ya umeme) zikikutana kwenye maji hubadilishana washirika. Kwa kanuni hiyo, kloridi ya sodiamu na nitrati ya potasiamu zingetoa nitrati ya sodiamu na kloridi ya potasiamu, na mlinganyo wake unasawazika bila tatizo. Hata hivyo, kitabu ninachosoma kinasema hakuna mmenyuko, ilhali kinakubali kloridi ya sodiamu na nitrati ya fedha. Tofauti iko wapi?

Jibu la kwanza: Ndugu, anza kwa kuangalia hali ya chumvi hizo kabla hujazichanganya. Kloridi ya sodiamu ikishayeyuka, ndani ya maji kuna ioni za sodiamu na ioni za kloridi, kila moja ikiwa imezungukwa na molekuli za maji, na nitrati ya potasiamu huwa vivyo hivyo. Ukizimimina pamoja unapata ioni za aina nne ambazo zilikuwa huru na zimebaki huru. Ioni za fedha, kwa upande wao, zikikutana na za kloridi hushikamana na kujitenga na maji zikiwa mashapo meupe. Mlinganyo unaosema ukweli wa tukio hilo ni huu:

Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl

Sodiamu na nitrati hazishiriki. Ningependa kila mwanafunzi aandike mlinganyo huu wa ioni kwanza, kwa sababu ule mrefu huficha jambo lenyewe.

Jibu la pili: Naongezea kwamba lazima ujue chumvi zipi huyeyuka. Nitrati zote huyeyuka, na chumvi za kawaida za sodiamu, potasiamu na amonia pia. Kloridi nyingi huyeyuka, isipokuwa za fedha na risasi. Sulfati nyingi vilevile, isipokuwa za bariamu na risasi. Iodidi ya risasi hutoa mashapo ya manjano yanayong'aa, na hidroksidi ya shaba hutoa ya buluu. Mashapo si dalili pekee ya mmenyuko: asidi ikikutana na kabonati hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na ikikutana na hidroksidi ya sodiamu huunda maji, jambo ambalo macho hayalioni lakini kipimajoto hulionyesha.

Muulizaji: Asanteni sana. Je, nikiyachemsha maji ya mchanganyiko ule wa kwanza hadi yapungue, nitapata chumvi ipi?

Jibu la tatu: Hilo ni swali zuri, kwa sababu hapo halijoto ndiyo inayoamua. Gramu 100 za maji huyeyusha takriban gramu 32 za nitrati ya potasiamu kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, lakini kwenye nyuzi 100 huyeyusha takriban gramu 245. Kloridi ya sodiamu hupanda kidogo tu, kutoka gramu 36 hadi 39. Katika karne ya 19 viwanda vya Ujerumani vilitumia tofauti hiyo kutengeneza nitrati ya potasiamu kwa ajili ya baruti, kwa kuwa nitrati ya sodiamu iliyotoka Chile hunyonya unyevu wa hewa. Walichanganya nitrati hiyo na kloridi ya potasiamu katika maji ya moto, kloridi ya sodiamu ikajitenga, wakaichuja kabla mmumunyo haujapoa, kisha mmumunyo ulipopoa fuwele za nitrati ya potasiamu zikatokea. Ioni zao nne ni zilezile za mchanganyiko wako, kwa hiyo maji yakipungua yangali ya moto, chumvi itakayotangulia kujitenga ni kloridi ya sodiamu, mradi nitrati ya potasiamu uliyoweka isiwe nyingi mno kuliko hiyo kloridi.