Sharp inauza runinga, hasara inatoka wapi?

muuza_runinga:
Ndugu wanajukwaa, nimeuza vifaa vya umeme kwa miaka mingi, na runinga za Sharp ni bidhaa ninayoiheshimu kwa dhati. Nilisikitika kusoma kwamba kampuni hiyo ya Japani ilipata hasara ya yeni bilioni 260 hivi katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, na takriban bilioni 150 mwaka uliofuata. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1912, ambayo wateja bado wanaiulizia, inapotezaje fedha kiasi hicho?

mhasibu_mstaafu:
Ndugu yangu, kidonda hakiko dukani, kiko kiwandani. Mwaka 2009 Sharp ilifungua kiwanda cha Sakai, karibu na Osaka, kilichokuwa cha kwanza duniani kutengeneza paneli za LCD, yaani skrini bapa za runinga, kwa vioo vya kizazi cha 10, vikubwa kuliko vyote vya wakati huo. Kiwanda cha namna hiyo kina gharama zisizopungua hata uzalishaji unapopungua, kwa kuwa mitambo huchakaa, riba hudaiwa na mishahara hulipwa, iwe paneli zimenunuliwa au zimelala ghalani. Bei za paneli ziliposhuka kwa ushindani wa Korea Kusini na Taiwan, huku yeni ikipanda thamani, mwaka 2012 Sakai ililazimika kupunguza kazi hadi takriban nusu ya uwezo wake. Hasara ikawa yeni bilioni 376 katika mwaka ulioishia Machi 2012, kisha bilioni 545 katika mwaka uliofuata, ambao ndio kampuni ilitimiza miaka 100. Inauma.

msoma_mizania:
Naongeza kwamba hasara hula mtaji. Ingawa mwaka 2015 benki zilikubali kugeuza mikopo ya yeni bilioni 200 kuwa hisa, kufikia Machi 2016 madeni ya Sharp yalizidi mali zake kwa yeni bilioni 31 hivi. Ndipo Foxconn, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vifaa vya elektroniki, ikachukua asilimia 66 ya hisa kwa yeni bilioni 389.

muuza_runinga:
Nashukuru. Ikiwa Foxconn iliiokoa, mbona hasara ikarudi?

mhasibu_mstaafu:
Ni Sakai tena. Sehemu kubwa ya umiliki wa kiwanda ilikuwa imekwenda kwa wawekezaji wengine, lakini mwaka 2022 Sharp ilikirudisha chote mikononi mwake, wakati ambapo bei za paneli zilikuwa zimeanguka baada ya pilikapilika za manunuzi ya kipindi cha korona kupoa. Thamani ya mitambo ikabidi ipunguzwe vitabuni, na punguzo hilo huhesabiwa kuwa hasara; uamuzi wa kukirudisha kiwanda siwezi kuutetea. Uzalishaji wa paneli Sakai ulikoma Agosti 2024, na mwaka ulioishia Machi 2025 ukafungwa kwa faida ya yeni bilioni 36. Utakaposoma taarifa zijazo, anza na faida ya shughuli za kawaida, yaani ile itokanayo na biashara yenyewe, kwa sababu faida ya mwisho yaweza kubebwa na mali iliyouzwa mara moja tu.